Unga wa Nyayo

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, siku ya Alhamisi, nilifunga mlango wa nyumba yangu Korogwe nikiwa na begi la mgongoni na mfuko wa turubai. Nawaandikia ninyi mlioniuliza yaliyonipata Lushoto, kwa sababu kila nilipojaribu kuwasimulia kwa mdomo tuliishia kucheka kabla sijafika mwisho, na mwisho wenyewe hauchekeshi.

Mnanijua kama mtunza stoo ya vipuri. Waliowahi kuingia sebuleni kwangu wameona pia zile sahani nyeupe zilizopangwa dirishani: unyayo wa paka, wa kenge, wa ngedere, wa mbwa wa jirani. Hiyo ni kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba. Unakuta unyayo kwenye tope, unauzungushia ukanda wa bati, unakoroga unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, unamimina, unasubiri ukauke, unainua. Unabaki na mguu wa mnyama unaoweza kuushika.

Paulo aliziona sahani hizo siku aliponiletea gunia la viazi. Ni mkulima wa kijiji kimoja juu ya Lukozi. Kijiji sikitaji kwa jina, wenyewe hawakunituma. Alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaomba kukaa. Baba yao alipofariki aliwaachia yeye na kaka yake, Zakaria, kipande cha msitu wa asili kando ya kijito. Zakaria alitaka kigawanywe, kikatwe, kilimwe viazi na kabichi. Paulo alitaka kibaki. Alidai kwamba mle ndani bado yumo minde, yule paa mkubwa mweusi wa msituni mwenye kishungi chekundu kichwani, ambaye wengi wanasema kwao amekwisha. Zakaria alimjibu hivi, na Paulo alinirudishia maneno kama yalivyo:

"Kama minde yumo, msitu utabaki, na mimi ndiye nitakayeulinda. Ila usiniletee picha. Niletee kitu nikishike."

Picha alikuwa amezichoka. Mpwa wake aliwahi kumwonyesha kwenye simu chui aliyedai kaonekana nyuma ya kanisa, na baada ya wiki mbili Zakaria akamkuta chui yule yule kwenye kalenda ya duka la dawa. Kikao cha ndugu kilipangwa Jumapili, baada ya ibada.

Kwa hiyo nilikwenda kukagua nyayo na mimea, na kuleta kitu cha kushika.

Kabla ya kuondoka: mifuko miwili

Jipsamu nilipewa na jirani yangu, fundi wa dari, nikaitia kwenye mfuko wa kaki. Stoo tumezoea vifupisho, basi nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: U.N., yaani unga wa nyayo. Kesho yake nilinunua zawadi ya mwenyeji, sukari na unga wa ngano. Unga ulikuwa wa kupima, nao nikautia kwenye mfuko wa kaki wa saizi ile ile, nikaandika: U.N. Sikuona kasoro, kwa sababu kila nilipoandika nilijua ninachoandika. Wa nyayo niliuweka chini ndani ya mfuko wa turubai, wa ngano juu, pamoja na sukari. Nilijiambia nitaukumbuka kila mmoja kwa mahali pake.

Mombo hadi Soni

Mombo nilikunywa chai ya maziwa na kula viazi vitamu vya kuchemsha, nikapanda gari la Lushoto. Kona za kwanza tulizipanda vizuri. Baada ya hapo tukakuta mawe yameporomoka usiku, na lori la karoti likiwa limelala ubavu, limekatisha barabara yote. Upande wa pili magari ya kushuka nayo yalikuwa yamesimama. Dereva wetu alizima injini, akavua viatu, akalala.

Tulikaa pale karibu nusu ya siku. Watu walikula karoti za lori kwa ruhusa ya mwenye lori, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akisema, "Kuleni, kuleni, zikifika Dar zitakuwa zimeshaoza." Mwishowe madereva wa pande mbili walikubaliana kubadilishana abiria. Ikabidi kila mtu abebe mizigo yake apite kwenye tope hadi ng'ambo.

Kijana mmoja wa kubeba mizigo aliuchukua mfuko wangu wa turubai, akateleza, ukaingia maji. Nilitoa vyote haraka, nikavipanga juu ya gunia la mtu ili nikaushe turubai. Mwenye gunia alikuwa mama mfanyabiashara wa Soni, mnene, mwenye kofia ya sufu. Akasoma mifuko yangu.

"Haya, UN imefika," akasema. "Mmetuletea msaada, au mmekuja kutuhesabu?"

"Ni unga tu, mama."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Si mngesema mapema, baba. Tungeanza foleni."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Dereva wa ng'ambo alikuwa anapiga honi. Nilirudisha vitu kwenye mfuko kwa haraka, yule mama akinisaidia kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeshika karoti. Mpaka leo siwezi kusema nani kati yetu aliweka upi chini.

Soni yule mama alishuka. Alininunulia plamu tano kwa mwenzake aliyekuwa akiuza kando ya barabara, akakataa nimlipe. "Za UN," akasema.

Lushoto

Niliingia Lushoto jioni. Gari la mwisho la Lukozi lilikuwa limeondoka, na nililala pale. Hiyo ndiyo siku niliyoipoteza, na kila nikizirudia siku zile naona ndiyo niliyoihitaji.

Nilikula makande kwenye mgahawa wa mama mmoja wa makamo. Nilipomaliza nilimuuliza jina la mmea uliokuwa unatambaa kwenye ua wake.

"Unaumwa nini?" akaniuliza.

"Siumwi. Nataka jina tu."

"Huo ni wa tumbo. Lakini kama ni presha, huo haukufai, usidanganyike."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa kuandika majina ya mimea. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea bakuli la makande bila malipo. Safari nzima ilikuwa hivyo. Kule mtu mzima anayeuliza majani ni mgonjwa au mganga, na mimi sikuwa na mkoba wa mganga.

Lukozi, na juu ya Lukozi

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa Lukozi, katikati ya magunia ya viazi na vikapu vya njegere. Bodaboda alinipandisha hadi kwa Paulo kwa njia inayopita katikati ya mashamba yaliyosimama kama ukuta. Juu kabisa, mahali mashamba yanapoishia, msitu ulianza ghafla, mweusi, umefunikwa na ukungu.

Paulo alinipokea na mkewe, Mama Neema, mwanamke mwembamba asiyesema sana. Nikampa zawadi. Kwao, kama kwetu, zawadi haifunguliwi mbele ya mgeni, na anayeitoa haichunguzi mbele ya mwenyeji. Ukichungulia unachompa mtu utaonekana unakihesabu. Nilitoa sukari, nikatoa mfuko wa kaki uliokuwa juu. Ulikuwa mzito kidogo kuliko nilivyoukumbuka, nikadhani ni uchovu wa safari. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, shemeji. Umetukumbuka."

Akauingiza jikoni.

Jioni hiyo alikuja Zakaria kunisalimu. Ni mtu wa miaka sitini na zaidi, mrefu, anayetembea kwa fimbo kwa sababu ya goti. Nilimwamkia. "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akakaa, akanieleza jambo lake bila hasira yoyote.

"Wajukuu wangu ni tisa. Shamba nililonalo ukisimama huku unaweza kumtemea mate aliyesimama kule. Baba alipanda mizuzu yake, alikula. Mimi nipande nini? Ukungu?"

"Na minde akiwemo, mzee?"

"Akiwemo, nitakaa njaa na minde wangu. Watu watakuja kumtazama, nitawatoza kiingilio." Alicheka. "Lakini awemo kweli. Huyu mdogo wangu anaota ndoto za marehemu baba, halafu anataka nizilinde kwa panga."

Paulo alimjibu kwa Kishambaa. Mimi ni Mzigua, nikapata nusu yake. Nusu niliyoipata ilikuwa kwamba baba hakuwa mwongo.

Msituni

Jumamosi tuliingia alfajiri. Utaratibu wangu ni wa kamba. Naifunga kwenye mti, naivuta hadi mwisho wake, naandika kila mmea inaougusa, kisha naihamisha. Paulo aliwajibika kunitajia majina.

"Huu?"

"Mkulo." Tuliukwangua, ukatoa harufu ya karafuu maiti.

"Na huu?"

"Huo ni mti tu."

"Mti gani?"

"Mti tu, kaka. Hauna kazi, nani aupe jina?"

Nikaandika "mti tu, wa kwanza", na kufikia kijito nilikuwa na "mti tu" mingi kuliko yenye majina. Chini yake kulikuwa na makangaga marefu kuliko mtu, migomba mwitu, na vimea vya maua meupe vinavyoota juu ya mawe yenye unyevu. Mbega walituona kabla hatujawaona. Ugumu ulikuwa Paulo. Ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika, na besi yake haimtoki hata akinyamaza. Huanza kama mngurumo kifuani, na kabla hajajua ameshafika kwenye kiitikio. Nilimwomba anyamaze mara nne.

"Nimenyamaza, kaka."

"Unaimba."

"Hapo nilikuwa napumua."

Kwenye kijito, pale maji yanapopinda chini ya mkulo mkubwa uliopasuka katikati, kulikuwa na ukingo wa tope laini kama siagi. Unyayo ulikuwa pale, mmoja, wa kwato mbili, umezama vizuri, kingo zake hazijamomonyoka. Hatua moja mbele kulikuwa na jani lililokanyagwa, baada ya hapo mawe. Niliupima mara tatu. Nyayo za paa wa kawaida ninazijua, na huu ulizidi kwa karibu nusu. Haukuwa wa nguruwe mwitu, kwa sababu nguruwe huacha alama ya vidole vya nyuma. Wala wa mbuzi: umbo lake lilikuwa jingine, na mbuzi wangefuata nini huko?

Paulo alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa anaimba.

"Ndiye?"

"Ukubwa unaelekea. Tuuinue kwanza."

Nilizungusha ukanda wa bati. Nilitia maji kwenye kopo, nikafungua mfuko wa U.N., nikakoroga. Mara nikasikia kijiti kinavutwa. Jipsamu haivuti. Nikaonja kwa ncha ya ulimi.

"Vipi?" akauliza Paulo.

"Huu ni unga wa ngano."

Alifikiri kidogo. "Hauwezi kukauka? Tukiuacha juani?"

"Jua gani, Paulo?"

Tulitazama juu kwa pamoja. Kulikuwa na majani na ukungu, basi. Nilipiga picha sita kwa simu, nikijua thamani yake kwa Zakaria. Tukaufunika unyayo kwa gome na majani mapana, tukashuka karibu kwa kukimbia.

Nyuma ya jiko

Mama Neema alikuwa uani. Nilipomuuliza kuhusu unga nilioleta, aliinamisha uso.

"Shemeji, nisamehe. Nimeuharibu."

Asubuhi alitaka kutupikia chapati za kutusubiri. Alitia maji, akakanda. Unga ulianza kupata joto mikononi mwake wenyewe, akaogopa. Akaongeza maji, ukawa mzito. Akaongeza mafuta, ukagoma. Alidhani ni unga mzuri wa mjini ambao yeye hajui namna ya kuupika, na kwamba ameitupa zawadi ya mgeni. Kwa aibu alimwaga donge lote nyuma ya jiko, akaosha beseni kabla mumewe hajarudi.

"Ulikuwa unakataa maji," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kuona unga unaokataa maji."

Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia tena na tena. Aliendelea kutikisa kichwa, akidhani ni adabu tu inayonisemesha.

Nyuma ya jiko donge lilikuwa limetandaa, limekauka, gumu kama sahani. Katikati yake, safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya mwenyewe, kulikuwa na unyayo wa kuku.

Lushoto mara ya pili

Lukozi hapakuwa na jipsamu. Paulo alirudi msituni na beseni la plastiki kuufunikia unyayo, mimi nikakodi bodaboda hadi Lushoto. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenyewe alikwenda kuzika. La pili walikuwa na mbao za jipsamu, unga umekwisha. Kufikia saa moja usiku nilikuwa nimempata fundi aliyenikatia nusu ya mfuko wake. Mvua ilikuwa imeanza. Hakuna bodaboda aliyekubali kupanda. Mmoja aliniambia kwa upole, "Baba, hata ningekuwa sina watoto nisingeenda."

Nililala bila kulala. Bati la gesti liliniambia kila kitu.

Jumapili alfajiri nilipanda na gari la kwanza. Paulo alikuwa ananisubiri njiani, nguo zake zimelowa hadi kiunoni. Tulikwenda moja kwa moja hadi kijitoni. Maji yalikuwa yamepanda usiku na kushuka tena. Ule ukingo wa tope haukuwepo, palikuwa na changarawe iliyooshwa. Beseni tulilikuta chini kidogo, limenasa kwenye mizizi.

Tulitafuta unyayo mwingine mpaka kengele ya kanisa ikasikika kutoka bondeni.

Kikao

Tulikaa barazani kwa Zakaria: yeye, Paulo, mwinjilisti aliyeombwa awe shahidi, wake zao, na mimi. Paulo alieleza yote bila kuficha. Alieleza hata habari ya unga. Wakati anaeleza, Zakaria aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa lile donge. Alikuwa amelikuta nyuma ya jiko alipopita kutuulizia. Akaligeuza geuza.

"Nilisema mniletee kitu nikishike," akasema. "Nimeshika. Ni kuku."

Barazani pote walicheka. Mwinjilisti alifuta machozi. Mama Neema alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Ndipo nikamwona Paulo. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kama anayesubiri nimalize ili niseme jambo.

Zakaria aliweka donge chini, akawa mtu wa kazi tena.

"Wewe ni mtu wa makini. Nakuamini kuliko huyu. Unaweza kuapa mbele ya mwinjilisti kwamba ule ni unyayo wa minde?"

Ningeweza kujibu kwa namna nyingi. Nilijibu nilivyozoea kujibu stooni.

"Kwa unyayo mmoja siwezi kuapa. Naweza kusema ni mkubwa kuliko wa paa wa kawaida."

"Basi."

"Mzee, ningepata wiki moja zaidi..."

"Mwanangu, mbegu za viazi ziko ndani, zimeshaota macho. Wiki moja mbele nitampandia nani?" Hakusema kwa ukali. Alimgeukia mdogo wake. "Paulo, nilikupa mwezi mzima. Umesikia mwenyewe, na ni mgeni wako aliyesema."

Waligawana siku ile ile. Kwa kuwa ni mkubwa, Zakaria alichagua kwanza, akachagua upande wenye maji. Paulo alipata juu, penye mawe. Baadaye tulikula pamoja, chapati. Mama Neema alizipika kwa ule unga wa ngano niliorudi nao kutoka msituni. Zilikuwa nzuri sana, na kila mtu alisema hivyo.

Kushuka

Jumatatu Paulo alinisindikiza hadi Lukozi kwa miguu. Nilimwomba radhi. Alisema hakuna neno, kisha akasema, "Kaka, wewe ulijua kwamba ndiye?"

"Nilidhani ndiye."

"Ungesema hivyo. Kwamba unadhani. Kaka yangu angeridhika na neno 'nadhani' kutoka kwako. Neno langu mimi ndilo asiloweza kuridhika nalo."

Gari lilikuja. Barabara ilikuwa wazi, na sikuona hata jiwe moja kwenye kona zile zote.

Alinipigia juma lililopita. Wakataji wameanza na ule mkulo wa kijitoni, akasema, uliokwishapasuka, kwa kuwa ni rahisi. Aliwasikia tangu asubuhi. Nilimuuliza swali la kijinga, kama ameona nyayo zozote.

"Sasa ziko kila mahali, kaka," akasema. "Za gambuti."

Donge la kuku nilipewa nije nalo, na liko dirishani pamoja na mengine. Ukija utalicheka, na sitakuzuia. Ila dukani Korogwe, siku ile ya kununua zawadi, mwenye duka alinionyesha kwanza unga wa pakiti, wenye picha ya masuke na maandishi makubwa, ambao hata mtoto hawezi kuufananisha na kitu kingine. Kilo mbili zilikuwa shilingi elfu nne. Nikachukua wa kupima, kwa elfu tatu na mia nne. Niliokoa shilingi mia sita.